Ni damu ao ni chakula? Somo la Idjwi juu ya akili ya watoto

Mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wanaporudi nyumbani na buletini mkononi, maneno mengi yanasemwa ndani ya nyumba. Mtoto mmoja amepita. Mwingine anarudilia darasa mara ya pili, ao ya tatu. Baba anatazama karatasi, kisha anaiweka kwenye meza bila kusema kitu. Na mara nyingi kuna mtu mzima wa familia mwenye anafunga mazungumzo kwa maneno machache: “Hii ni damu ya kwabo. Kwabo na mama yake hakuna mwenye alisomaka.”

Maneno hayo ni mafupi, lakini yanafanya kazi kubwa. Yanamtia mama hatiani. Yanampa mtoto jina lenye atabeba miaka yote. Na yanaamua mambo ya pesa: kama akili ni damu peke yake, basi kumlipia huyo mtoto minervali ni kumwaga maji juu ya jiwe. Heri achunge mbuzi, na pesa zimsaidie mdogo wake. Kwa mtoto mwenye kuchelewa kutembea, mwenye kusema kwa shida ao mwenye kubadilika tabia, hukumu inaweza kuwa mbaya zaidi: wengine wanasema ni laana, wengine wanasema ni uchawi.

Je, ni kweli kwamba akili na afya ya kichwa cha mtoto vinatoka kwenye damu ya ukoo? Sayansi inajibu: kwa sehemu, ndiyo. Lakini sehemu yenye kubaki ni kubwa, na moja kati ya mahali penye jambo hilo lilionekana wazi ni katikati ya ziwa Kivu, kwenye kisiwa cha Idjwi.

Jeni ni nini, na inafanya nini

Kile chenye watu wanaita “damu ya ukoo”, watafiti wanakiita jeni. Jeni ni maagizo yenye mtoto anapokea wakati mimba inatungwa, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo yanakaa ndani ya chembe za mwili. Yanagusa rangi ya macho, aina ya damu, urefu wa mtu, na pia namna ubongo unavyojengwa. Hakuna jeni moja yenye kuitwa jeni ya akili. Jeni zenye kugusa akili ni nyingi sana, na kila moja inafanya kazi ndogo. Ndiyo sababu watoto wa tumbo moja wanaweza kuachana: mmoja anashika hesabu haraka, mwingine anashika lugha, mwingine anahitaji kurudiliwa maneno mara tano.

Mlimaji yeyote anaelewa sehemu yenye kubaki. Achukue mfuko mmoja wa mbegu za maharagi, agawanye mara mbili. Nusu apande kwenye udongo mweusi wa karibu na volkano, nusu apande kwenye mlima wenye mvua imekwisha kumaliza udongo wake. Ndani ya kila shamba, mimea haitafanana: mmoja utapita mwingine, na hapo mbegu ina neno lake. Lakini kama maharagi ya shamba moja yote ni mafupi kuliko ya shamba lingine, kosa haliko kwenye mbegu, sababu mbegu zilitoka mfuko mmoja. Ni udongo.

Mtu mwenye kuona shamba la mlimani peke yake hawezi kujua hayo. Atasema: “Hii mbegu ni mubaya.” Katika familia kuna mtego kama huo. Watoto wa nyumba moja wanashiriki damu, lakini wanashiriki pia sufuria moja, chumvi moja, maji ya kisima kimoja na vita vile vile. Watoto watatu wa mama mmoja wakipata shida moja, macho ya jirani yanaona ukoo. Hayaoni sufuria.

Kisiwa kimoja, pande mbili

Idjwi iko katika jimbo la Kivu ya Kusini. Ina shefri mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Wakaaji kwa sehemu kubwa ni Wahavu. Wanasema lugha moja, wanalima, wanavua sambaza katika ziwa moja.

Katika miaka ya 1960, wanganga watafiti wenye kufanya kazi na kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, walienda kupima wakaaji wa kisiwa. Kati yao kulikuwa Mbelgiji François Delange. Walikuwa wanafuata ugonjwa wenye kila mtu alikuwa anauona kwa macho: uvimbe wa shingo, wenye wengi wanaita gwatre. Uvimbe huo unatokea wakati tezi ya shingo inakosa iyodi, madini yenye mwili unahitaji kwa kiasi kidogo sana. Tezi inajikaza kutafuta iyodi, na kwa kujikaza inavimba.

Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na gwatre. Kusini-magharibi, ilikuwa karibu mtu mmoja tu kati ya ishirini. Tena kaskazini, pamoja na shingo zenye kuvimba, watafiti walikuta watoto na watu wazima wenye kubaki wafupi sana, wenye ngozi kavu, wenye kuelewa kwa shida tangu utoto. Huo ni ugonjwa wa akili wenye kutokana na tezi ya shingo kushindwa kazi yake tangu tumboni ao mwanzo wa maisha.

Mtu angesema haraka: kaskazini kuna damu mbaya. Ao angesema: kaskazini hakuna iyodi, kusini iko. Watafiti walipima iyodi katika mkojo wa watu. Jibu liliwashangaza: ilikuwa kidogo pande zote mbili. Udongo wa milima ya Kivu umeoshwa na mvua miaka na miaka, na bahari, yenye kuwa na iyodi nyingi, iko mbali. Basi watu wenye kufanana, wenye kukosa kitu kimoja, walikuwa wanaumia kwa namna mbili zenye kuachana kabisa.

Tofauti ilikutwa kwenye sahani. Upande wa kaskazini, watu walikuwa wanakula mihogo mingi zaidi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ikitayarishwa haraka, sehemu ya sumu inabaki katika chakula. Mwili wa mtu unajua kuivunja nguvu, lakini kwa kufanya hivyo unatengeneza kitu kingine, tiosianati, chenye kushindana na iyodi kwenye mlango wa tezi ya shingo. Watafiti walilisha watu mihogo ya kaskazini na kuwapima tena: tezi ilishika iyodi kidogo zaidi, na iyodi nyingi ilipotea katika mkojo.

Kwa mtu mwenye iyodi ya kutosha, mihogo hiyo haimpatie gwatre. Na kwa mtu mwenye kukosa iyodi kidogo, bila mihogo mibaya, mwili unajitahidi na unaweza kusimama. Vitu viwili vikikutana, mtoto ndiye analipa. Hakuna ukoo wenye ulichaguliwa. Mtu wa kusini angezaliwa kaskazini, angekuwa na hatari ya kaskazini.

Kwa nini ni mimba yenye inaamua

Watu wengi wanafikiri gwatre ni jambo la uzuri wa shingo. Shida kubwa haionekani. Tezi ya shingo inatumia iyodi kutengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inaongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto. Katika miezi ya kwanza ya mimba, mtoto hajaanza kutengeneza homoni yake mwenyewe. Anategemea ya mama. Kama mama hana iyodi, mtoto anajenga ubongo bila kitu cha lazima, na sehemu ya hasara hiyo hairudi hata akipewa iyodi baadaye.

Hata pale ambapo mtoto hazaliwi na ulemavu wa kuonekana, kijiji kizima kinaweza kupoteza sehemu ya nguvu ya akili bila mtu kujua. Watoto wanatembea, wanacheza, wanaenda masomo, lakini kushika kunakuwa kuzito. Mwalimu anaona darasa lenye kulala. Wazazi wanaona watoto wenye kufanana na wazazi wao, sababu wazazi nao walikulia katika tumbo lenye kukosa iyodi. Hapo ndipo maneno ya “damu ya kwabo” yanapata nguvu: kosa la chakula limepita vizazi viwili, linaonekana kama urithi.

Uthibitisho ulikuja wakati wanganga walipojaribu kutibu. Upande wa Ubangi, kaskazini-magharibi ya inchi, penye gwatre ilikuwa nyingi vilevile, Claude Thilly na wenzake walipiga wanawake wenye mimba sindano ya mafuta yenye iyodi. Watoto wa mama hao walikua vizuri kuliko watoto wa mama wenye hawakupata. Jeni za watu wa Ubangi hazikubadilika. Kilichobadilika ni sindano moja.

Shirika la Afya Duniani linasema kukosa iyodi ni moja kati ya sababu kubwa za kuharibika kwa ubongo zenye zinaweza kuzuiwa, na linashauri mama mwenye mimba apate mikrogramu 250 kila siku. Ni kiasi kidogo hata jicho haliwezi kukiona. Njia yenye bei ndogo kuliko zote ni chumvi yenye iyodi, yenye serikali ya Kongo ilianza kuweka kuwa sharti katika miaka ya 1990.

Muhogo hauna kosa, haraka ndiyo ina kosa

Kusema hivi siyo kuwakataza watu kula bugali ya mihogo wala sombe. Muhogo umeokoa mamilioni ya Wakongomani wakati wa njaa na wakati wa kukimbia. Mihogo michungu inapendwa na walimaji kwa sababu nzuri: inavumilia udongo mbaya na wanyama hawaigusi. Kazi ni kuondoa sumu.

Mama na mababu walijua namna: kuloweka mihogo siku tatu ao zaidi mpaka ilainike, kuanika, kisha kutwanga. Shida inakuja wakati wa vita, wa ukame ao wa soko lenye kuvuta. Watu wanapunguza siku za kuloweka, wanatoa mihogo kesho yake ili wapate cha kula ao cha kuuza. Wakati huo huo, maharagi, samaki na nyama, vyenye kuupa mwili nguvu ya kuvunja sumu, vinakosekana.

Katika eneo la Kahemba, jimbo la Kwango, haraka hiyo imeleta konzo, ugonjwa wenye kufunga miguu ya watoto na ya wanawake kwa ghafla, na miguu haifunguki tena. Konzo imeonekana pia katika milima ya Kivu ya Kusini. Watafiti wenye walipima watoto wa Kahemba walikuta jambo la kuogopesha: siyo watoto wenye konzo peke yao wenye walikuwa na shida katika mitihani ya akili. Hata majirani zao wenye kutembea vizuri walikuwa nyuma ya watoto wa maeneo yenye hayana konzo. Sumu iligusa ubongo bila kugusa miguu.

Kwa unga wenye uko tayari nyumbani, kuna namna rahisi yenye imefundishwa Kahemba: mama anachanganya unga na maji mpaka ulowe, anautandaza mwembamba juu ya mkeka, usipite unene wa kidole. Anauacha saa mbili kwenye jua ao saa tano kwenye kivuli, kisha anapika bugali siku ile ile. Sumu nyingi inatoka katika hewa.

Mahali penye jeni ina nguvu ya kweli

Kuna mangonjwa yenye ni ya kurithi, na kuyakataa hakumsaidii mtu. Ugonjwa wa SS ni mfano wenye familia nyingi za Kongo zinaujua. Baba mwenye AS na mama mwenye AS wanaweza kuwa na afya nzuri maisha yao yote, lakini kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS. Hapa hakuna mwenye kosa zaidi: jeni moja imetoka kwa baba, nyingine imetoka kwa mama. Kumfukuza mama peke yake ni kusoma nusu ya karatasi.

SS inagusa pia akili. Damu yenye kuziba mishipa inaweza kuunguza sehemu ndogo ndogo za ubongo bila mtoto kuanguka, bila mtu kuona. Baadaye mwalimu anasema mtoto hafuati. Lakini hata hapa, maisha ya watoto wawili wa SS yanaweza kuachana sana: mwenye kutambuliwa mapema, kunywa maji ya kutosha, kukingwa na malaria na kufuatiliwa na munganga hapiti njia moja na mwenye kufichwa nyumbani.

Mfano wa pili unatoka Ulaya na Marekani. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa fenilketonuria. Mtoto anazaliwa na afya, lakini mwili wake hauwezi kuvunja sehemu moja ya protini, na sehemu hiyo inaharibu ubongo wake polepole. Zamani, watoto hao walipoteza akili. Tangu wanganga walipoanza kupima tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga, katika miaka ya 1960, mtoto akikutwa na ugonjwa anapewa chakula cha namna nyingine tangu siku za kwanza, na akili yake inakua. Jeni imebaki ile ile. Chakula kimeizuia kufanya kazi mbaya.

Kwa mangonjwa ya akili yenye kuanza katika ujana, kama skizofrenia, familia pia ina uzito. Mtu mwenye mzazi ao ndugu mgonjwa ana hatari zaidi kuliko wengine. Lakini watafiti waliangalia mapacha wenye kufanana kabisa, wenye jeni moja. Mmoja akiugua, mwenzake anaugua karibu mara moja juu ya mbili, ao chini ya hapo. Kama damu ingeamua peke yake, wote wawili wangeugua kila mara.

Bwaki inaacha alama

Katika Kivu, neno bwaki halihitaji kuelezwa: miguu yenye kuvimba, nywele nyekundu, mtoto mwenye hacheki tena. Hospitali ya Lwiro imetunza watoto kama hao tangu miaka mingi, na karatasi zao ziliwekwa. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walifanya kazi ngumu: walitafuta, mlima kwa mlima, watu wenye walitibiwa pale kati ya 1988 na 2007, wakati walikuwa watoto. Walipata zaidi ya 500, wamekuwa vijana na watu wazima. Wakawalinganisha na watu wa umri ule ule, wa vijiji vile vile, wenye hawakupata bwaki.

Wenye waliugua walikuwa wamesoma miaka michache zaidi. Katika mitihani ya akili walipata alama za chini zaidi. Na walikuwa wanajithamini kidogo kuliko wenzao. Majirani hao nao walikuwa maskini, wa vita vile vile. Kwa hiyo njaa kali ya utoto iliongeza uzito wake mwenyewe, na uzito huo ulikuwa bado uko miaka mingi baada ya mtoto kutoka hospitali akiwa amepona.

Mtoto wa bwaki anatoka kitandani akiwa mzima wa mwili, lakini kazi haijaisha. Juu ya jambo hilo kuna somo moja kutoka kisiwa cha mbali, Jamaica. Kati ya 1986 na 1987, watafiti wa mji wa Kingston walichukua watoto 129 wenye kudumaa, wa miezi 9 mpaka 24. Wengine walipewa maziwa. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki, miaka miwili, na mwanamke aliyefundishwa, mwenye alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, kusema naye na kumpa majina ya vitu, kwa vifaa vya kujitengenezea nyumbani. Watoto wa michezo walipofika umri wa miaka 22, walikuwa wanapata mshahara wa kupita wenzao kwa asilimia 25 hivi, na walikuwa na huzuni ya ugonjwa kidogo zaidi. Maziwa peke yake hayakuleta matunda yenye kudumu namna hiyo.

Vita ndani ya tumbo

Njaa siyo kitu pekee chenye kuingia kwa mtoto kabla hajazaliwa. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kazi yao ya Goma. Walikuwa wamezungumza na mama 25 wenye walikuwa wamezaa, wakawauliza juu ya mateso ya vita, na kupima damu yao na ya watoto wachanga. Mama mwenye alipitia mateso makali zaidi alikuwa na mtoto mwenye uzito mdogo zaidi. Na kwenye jeni moja yenye kusaidia mwili kutuliza woga, watoto hao walikuwa na alama za kemia nyingi zaidi.

Alama hizo hazibadilishe maandiko ya jeni. Mtu anaweza kuzifananisha na kitabu chenye kurasa zingine zimebanwa kwa kibanio: maneno yote yako, lakini kurasa hizo zinasomwa kwa shida. Watafiti wanafikiri hiyo ni njia moja yenye maisha ya mama yanaweza kufikia mwili wa mtoto. Mama 25 ni wachache, na hesabu hiyo haisemi kwamba mtoto wa vita ni mtoto wa kuharibika. Inasema kwamba damu na mahali siyo vitu viwili vyenye kukaa mbalimbali. Mahali panaingia na kuamua jeni gani isikike.

Kwa hiyo mtoto mwenye kushtuka usiku, mwenye kukojoa kitandani na umri umepita, mwenye kupigana bila sababu ao mwenye kunyamaza kabisa baada ya familia kukimbia, hana “roho ya kwabo”. Woga wa muda mrefu unachosha ubongo, unakula usingizi na kumnyima mtoto nguvu ya kusikiliza mwalimu. Kumpiga fimbo sababu hashiki masomo kunaongeza kile chenye kinamzuia kushika.

Kile chenye nyumba inaweza, na kile chenye nyumba haiwezi peke yake

Mambo mengine yako katika uwezo wa jamaa. Kununua chumvi yenye iyodi, kuiweka katika chombo chenye kufungwa vizuri, mbali na moto na unyevu, na kuitia katika chakula mwisho wa kupika, sababu moto mrefu unaifukuza iyodi. Kuloweka mihogo siku zake zote. Kuchanganya uji wa mtoto na soya, karanga ao sambaza zenye kusagwa. Mama mwenye mimba kwenda CPN tangu miezi ya kwanza, siyo kungoja tumbo lionekane. Kupeleka mtoto apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi tatu: chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto huyo ni wa kutibiwa bila kungoja. Vijana wawili wenye kutaka kuoana kupima damu yao, wajue kama wote ni AS. Na jambo lenye halihitaji franka hata moja: kusema na mtoto tangu mchanga, kumjibu, kumwimbia, kucheza naye jioni.

Baba nao wako ndani ya hayo. Mama mwenye mimba mwenye kupigwa, mwenye kulala na njaa ili wengine wale, anabeba mzigo wenye unafika kwa mtoto.

Mambo mengine yanapita nguvu ya nyumba. Mama mwenye kukimbia na mtoto mgongoni hawezi kuloweka mihogo siku tatu. Mlimaji hawezi kupima iyodi katika chumvi ya soko. Hiyo ni kazi ya serikali, yenye kupaswa kuhakikisha kwamba chumvi yenye kuuzwa ina iyodi, kwamba kituo cha afya kina dawa, kwamba watu wanalala bila kusikia risasi. Kumtwika mama peke yake mambo hayo ni kurudilia kosa lile lile la “damu ya kwabo”, kwa maneno ya kisasa.

Turudi kwenye ile buletini juu ya meza. Mtoto mwenye kurudilia darasa anaweza kuwa na jeni zenye kumfanya ashike polepole. Watoto wa namna hiyo wako katika kila ukoo, wa maskini na wa tajiri. Lakini kabla ya kumtaja babu wa mama yake, kuna maswali yenye kuuliza. Mama yake alikula nini wakati wa mimba? Huyu mtoto aliugua bwaki? Anasikia vizuri, anaona ubao? Amepimwa SS? Alikuwa wapi wakati risasi zilipolia? Usiku analala?

Kaskazini mwa Idjwi, kwa miaka mingi, watu waliona shingo za wazazi wao na za watoto wao zikivimba, na mtu angeweza kuapa kwamba ni ukoo. Jibu lilikuwa kwenye mihogo na katika kiasi kidogo cha iyodi chenye kilikosekana. Mtoto mwenye kupewa mbuzi za kuchunga sababu ya “damu” anastahili watu wazima waangalie kwanza sufuria.